Mahali pa Victorine Juu ya Kichuguu

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Vumbi. Baridi asubuhi, jua kali mchana. Hatimaye uwanja wetu unatengenezwa! Ufunguzi ni mwisho wa mwezi: misa, mpira, ngumi na mashindano ya baiskeli, vyote siku moja kama zamani. Nimemwahidi Victorine, mke wangu, kwamba atakuwepo. Tangu avunjike nyonga hajakanyaga pale. Anasikiliza kelele kutoka barazani, nami narudi kumsimulia mechi. Tukifungwa, namwambia tumetoka sare. Analala vizuri.

Shida ni moja. Mahali pake ni jukwaa la magharibi, safu ya juu kabisa, kwenye nguzo ya mwisho. Amekaa pale tangu usichana. Ngazi ni ndefu, nyonga haitaki. Leo injinia wetu, Madame Syntiche, binti wa Kipushi, mpole, buti kubwa kuliko miguu yake, ametangaza kwamba kutakuwa na njia ya mteremko kwa wasioweza ngazi. Nikapiga makofi. Kisha akaonyesha mahali penyewe: kaskazini, kando ya ulingo wa ngumi. Nikaacha kupiga makofi.

Nani alimshauri? Zéphirin! Kaka yake Victorine, shemeji yangu, bondia mstaafu anayejiita mlinzi wa uwanja ingawa hakuna aliyemteua. Eti dada yake atakaa kwa raha pale chini, palipo tambarare. Kutoka pale unaona nini? Mgongo wa kipa na nyavu. Lakini Zéphirin amepigwa kichwani mara nyingi, tusimlaumu sana.

Ningeweza kumwomba injinia moja kwa moja. Mwanaume mzima, kuombaomba? Akili ninayo. Kesho ataonana na historia.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimevaa koti langu la harusi. Nikamweleza Madame Syntiche kwamba jukwaa la magharibi lilikuwa na mteremko tangu mwanzo, kwamba lilibuniwa na fundi mkuu kutoka ng'ambo, kwamba lilipindwa makusudi kwa ajili ya upepo. Historia haiguswi, nikasema. Mteremko urudishwe pale pale.

Ilikuwa hotuba nzuri. Ningekomea hapo! Lakini aliponitazama kwa macho yale ya heshima nikanogewa, nikamwaga na ukweli. Kwamba uwanja huu waliujenga wazee wa kampi za wafanyakazi, Jumapili baada ya misa. Wale wa migodi walileta saruji. Wale wa reli, kama marehemu baba yangu, walileta vyuma vya reli vilivyochoka, ndivyo nguzo za paa mpaka leo. Upande wa magharibi wakakuta kichuguu, kile kikubwa cha kwetu, kirefu kuliko nyumba. Kukisawazisha kwa sururu hakuna aliyetaka. Wakakikata ngazi, wakamwaga saruji juu, jukwaa likawa tayari. Ndiyo maana njia ya baiskeli inayozunguka uwanja inabanwa pale, na kona ile haionekani kutoka jukwaa lingine lolote.

Injinia akamwita Zéphirin athibitishe. Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema kichuguu ni kweli, ila mteremko pekee aliowahi kuuona pale ni mimi, nikiporomoka na baiskeli yangu kila Jumapili. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu Zéphirin huiziba mwenyewe.

Si hilo tu. Madame Syntiche akauliza polepole kama ni kweli kuna kichuguu chini ya watu. Kama ndani kina mashimo. Kisha akafunga kamba mbele ya jukwaa zima mpaka lipimwe! Nimekwenda kutafuta mteremko, nimefungisha na ngazi. Nyumbani nimemwambia Victorine kazi inaendelea vizuri sana.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Wametoboa, wamepima. Kichuguu ni kigumu kuliko saruji iliyo juu yake! Mchwa walihama zamani, kuta zao zimebaki. Kamba imeondolewa. Nilipanda mpaka juu, nikaishika nguzo ya mwisho, reli ya baba, na machozi yakanitoka. Hakuna aliyeniona. Wazee wale hawakuwa na ramani wala injinia, na kazi yao ingali imesimama.

Kutoka juu nikaona vigingi. Kando ya ulingo vilisimama vigingi vimefungwa kamba, mstatili safi. Wafanyakazi huchimba palipo na vigingi. Vikihama, mteremko nao utahama! Nikashangaa kwa nini sikuwaza hivyo tangu Jumanne.

Saa ya chakula, wote wakawa kivulini na bukari, ugali wetu, na sombe yao ya majani ya muhogo. Nikajongea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama. Kuinuka ndiko kulikonishinda, kiuno kikakataa, nikavivuta vigingi nikiwa nimepiga magoti kana kwamba nasali. Nikavificha ndani ya koti, nikavuka uwanja, nikavisimika chini ya jukwaa la magharibi, sawasawa na nguzo ya mwisho. Njiani Zéphirin aliniuliza mbona natembea kama kuku mwenye yai. Nikamwambia ni kiuno. Ameamini.

Jioni Victorine amenisugua mgongo kwa mafuta ya mawese. Akauliza nimebeba nini. Nikasema historia. Akasugua kwa nguvu zaidi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Siku mbaya. Niandike yote.

Asubuhi injinia alikuwa Kipushi. Wafanyakazi walianza kuchimba mahali pangu pale pale! Nilisimama mikono nyuma kama mwenye mradi. Wakachimba. Wakazidi kuchimba. Nikaona mteremko unashuka mno kwa kitu kinachotakiwa kupanda. Nikamuuliza Mutale, msimamizi wao, mbona kina kirefu hivi. Akanijibu kwa adabu kwamba choo bila shimo si choo, papa.

Choo! Vigingi vya mteremko vilikuwa vingine, hatua chache mbele. Mimi nimehamisha vyoo vya uwanja mzima na kuviweka chini ya miguu ya mke wangu.

Madame Syntiche akarudi. Aliuliza mara moja tu, bila kupandisha sauti, nani amegusa vigingi. Zéphirin akanitazama. Akalitazama koti langu, lenye udongo mwekundu mpaka mfukoni. Nikangoja pigo. Akasema ni yeye. Alijikwaa, akavirudisha vibaya, macho yake si mazuri tangu enzi za ngumi.

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga. Kwa nini wema uwe wake? Hakunipa nafasi. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka nyumbani kama mwizi wa kuku, na mlangoni akamwambia Victorine kila kitu: mteremko wake yeye, vigingi vyangu mimi, na choo.

Victorine akafunga kitenge kizuri, akachukua fimbo. Tukatoka. Mimi kushoto, Zéphirin kulia, tukibishana aegemee wapi, naye hakumwegemea yeyote. Tulikwenda taratibu sana. Uwanjani akamwomba injinia kigoda, akaketi katikati ya vumbi. Hakutazama ulingo. Hakutazama nguzo.

"Beye babili banapigana juu ya fasi yangu," akamwambia Madame Syntiche. "Hakuna hata moja mwenye aliniuliza."

Nikajitetea. Nikasema fasi yake, mahali pake, naijua, najua anavyoipenda nguzo ile, kwamba ukiwa pale juu unaona mpira wote, magoli yote mawili. Akanigeukia, akacheka, kicheko kile cha zamani.

"Mpira? Miye sikukuwa naangalia mpira, Baba Abi. Pale juu njo fasi moja tu yenye kuonesha kona. Nilikuwa naangalia weye na kinga yako."

Kona ile! Nilianguka pale na kinga, baiskeli yangu, kila Jumapili ya ujana wangu, na faraja yangu ilikuwa kwamba hakuna anayeona. Yeye alikuwa anaona. Jua la machoni, saruji ya moto, na alipanda mpaka juu ili anione mimi, wa mwisho mashindanoni.

"Ulikuwa unaanguka, unasimama, unapanguza kinga mbele ya kujipanguza weye," akasema. "Sasa kinga haiko tena. Fasi yenye utakaa weye, njo fasi yangu. Na ukitaka kintu, uliza. Njo vile tu."

Nilimpenda mpaka kifua kikauma. Zéphirin aligeuka kupenga kamasi, na Madame Syntiche akaenda kuwagombeza wafanyakazi ambao hawakuwa wamekosa chochote. Kisha akarudi akasema shimo litafukiwa leo, mteremko utakuwa kaskazini, na pale unapoishia atainua sakafu ili benchi lipite urefu wa nyavu. Benchi la watu wawili. Zéphirin akauliza kama haiwezekani watatu.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Misani nimemshukuru Mungu na, kwa ufupi, Zéphirin.

Kuanzia leo mimi ni mtu wa kuuliza. Nimemuuliza Victorine kama anataka chai. Akasema ndiyo. Rahisi namna hii! Nimemuuliza kama alijua kwamba sare zetu nyingi hazikuwa sare. Akasema redio ya jirani ina sauti kubwa, na kwamba alipenda zaidi mechi zangu. Sitapanga tena hila yoyote. Naliandika hapa ili libaki.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimekwenda kupajaribu mahali petu papya. Pazuri. Kivuli chipo. Ila kona haionekani, na hilo limeniuma kidogo, sikutegemea. Halafu nikaona: njia ya baiskeli inapita mbele kabisa ya pale benchi litakapokaa, karibu mno, mtu angeweza kumpa mwendesha baiskeli maji mkononi. Na siku ya ufunguzi, Mutale ameniambia, kuna mbio za wazee za baiskeli, mzunguko mmoja.

Nimewaza kumuuliza Victorine. Nimewaza kwa moyo wote. Lakini jibu nalijua: atasema mgongo, atasema miaka. Jibu ukilijua, kuuliza ni kumsumbua mgonjwa. Kwa hiyo nimekwenda kwa Chileshe, fundi wa baiskeli, nikachagua yenye tandiko pana. Zéphirin akanikuta. Ilinibidi nimwambie. Atanisukuma wakati wa kuondoka, kisha atakimbia kuketi karibu na dada yake kama mtu asiyejua lolote. Tumeapa.

Mpango huu hauna kasoro. Nyumbani nimesema tu kwamba daktari angependa niwe natoka kila asubuhi kunyoosha mgongo. Victorine alikuwa anachambua sombe. Hakuinua hata macho. Akasema ni vizuri, ila nivae suruali ndefu, magoti yasichubuke.

Hajashuku kitu.