Mtu Wako Anatoka Langoni Bila Kutumwa

Kwa Fundi wa Programu
(ambaye kwa muda wake wa ziada ni mpwa wangu)

Mheshimiwa Fundi,

YAH: MTU MDOGO MWENYE SHATI JEUPE KUTOKA NYUMBANI BILA RUHUSA

Baada ya salamu, naomba unisamehe kwa kukuandikia kwa cheo chako badala ya kukuita mwanangu kama nilivyozoea. Malalamiko niliyokupa kwa simu uliyapokea kama mpwa, yaani kwa kucheka. Haya nayaandika ili uyapokee kama fundi. Mwandiko nao unisamehe. Mkono wa kulia ndio unaoandika. Wa kushoto umeshika kijiti cha kishikio cha gemu ili mtu wako asitoke. Kuifunga programu nikapumzika siwezi, kwa sababu utakayoisoma chini ya namba tano.

Kwanza shukrani. Hakuna mwingine katika ukoo wetu ambaye angekaa kunisikiliza nikieleza nyumba tuliyoihama kabla hujazaliwa, akauliza mlango ulifungukia ndani au nje, kisha akaichora yote kwenye kompyuta. Umeipata. Lango liko kushoto, linatazama barabara na duka, na ndani yake ni uwanja. Ukumbi uko katikati, na kile kiti cha kamba. Jiko liko kulia kabisa, na mlango wake wa nyuma ambao haukuwahi kufunga sawasawa. Hatukuondoka na picha hata moja. Hii yako ndiyo ya kwanza. Na ndani yake umeweka mtu mdogo mwenye shati jeupe, ambaye ni mimi, anayetembezwa kwa hiki kishikio chenye vijiti viwili na vitufe ambacho kaka yako aliniachia kilipomchosha.

Sasa, Jumamosi anakuja mama yako. Sharti lake unalijua, maana ulikuwepo kwenye simu alipolitoa: "Nitaliangalia hilo dude lenu. Lakini nikimwona mtu anatoka kwenye lile lango, nazima, nabeba mkoba wangu, narudi na basi lile lile." Dada yangu hana mzaha katika hili. Sote tulitoka kwa lango lile asubuhi moja, na tangu siku hiyo barabara ile kwake haina kazi nyingine. Kwa hiyo kazi ya programu yako ni ndogo mno: mtu akae nyumbani. Na hiyo ndiyo inayoishinda.

Kwa kuwa nilikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka nilipostaafu, nilikuomba unichapishie programu yenyewe kwenye karatasi, nami nimeisoma kwa rula na kalamu nyekundu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kijiti. Kijiti cha kushoto, kikiachwa bila kuguswa, kinapaswa kusema sifuri. Changu hakisemi sifuri. Kinasema "kushoto kidogo". Na programu yako, kwa malezi mema uliyoipa, inaamini kila inachoambiwa. Naweka kishikio mezani nitafute miwani. Nikigeuka, mtu ameshanyanyuka, amevuka ukumbi, anashika lango. Nilikipeleka kwa fundi redio wa hapa chini. Alikitikisa, akakisogeza sikioni, akasema, "Mzee, hiki hakina ugonjwa, kimezeeka tu. Hata wewe nikikuacha umesimama hapa, jioni nitakukuta umeegemea upande." Wakati huo nilikuwa tayari nimeegemea kaunta yake.

2. Dawa ya kijiti. Uliniambia dawa ni kuweka eneo la kutosikia, yaani programu ipuuze kila msukumo mdogo na kutii mkubwa tu. Nilifurahi, ukaiweka. Ikaacha kunisikia mimi. Vidole vyangu havisukumi tena kama vya kijana, na msukumo wangu siku hizi unalingana na ulegevu wa kijiti. Ukawa umejenga ofisi ambayo mwenye kupaza sauti anahudumiwa na mwenye adabu anaambiwa arudi kesho. Ofisi za namna hiyo nazijua, mabenchi yake nimeyakalia nikiwa na karatasi za ukimbizi mapajani. Sikutegemea tawi jipya lifunguliwe na mtoto wa dada yangu. Nikalalamika, ukaiondoa. Mtu akaanza tena kutoka.

3. Kitufe cha hodi. Nimesoma na kusoma tena. Programu yako inakiuliza kitufe, mara nyingi ndani ya sekunde moja, "Umebonyezwa?" na kila kikijibu ndiyo, inagonga mlango. Haikumbuki hata kidogo kwamba imetoka kuuliza sasa hivi na ikajibiwa. Kidole changu kinachukua muda wake kunyanyuka, na katika muda huo mtu ameugonga mlango wa mama yangu mzazi kama polisi. Jirani yangu mshonaji alipanda ngazi na tepu yake shingoni. "Babu," akasema, "mfungulie huyo mtu, au nimfungulie mimi!" Mtu aliyelelewa hupiga hodi, akanyamaza, akasubiri. Naomba programu ifundishwe kujiuliza kwanza: mara iliyopita kitufe kilikuwa kimebonyezwa? Kama kilikuwa kimebonyezwa, ifunge mdomo.

4. Kukatiza uwanja. Nikichoka na kijiti natumia vile vishale vinne vilivyo kando yake. Nikibonyeza cha juu na cha kulia kwa pamoja, mtu anaupita uwanja mshazari, na anakwenda kasi kuliko anayefuata njia. Nimeona ulivyofanya: umechukua mwendo wa huku na mwendo wa kule ukampa vyote viwili bila kupunguza. Bibi yako alipanda maua katikati ya uwanja ule, na alitukimbiza miaka yote ili tusiyakanyage. Mimi hasa. Nilikuwa nikitumwa kiberiti dukani nachelewa, na nilichelewa kila mara, ndiyo maana mama yako ananiita Konokono mpaka leo. Nikishachelewa sikuthubutu kurudi kwa lango. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikaingilia mlango wa jikoni, uso mkavu, kana kwamba sikuwa nimetoka. Lakini hata kwa mzunguko ule maua sikuyakanyaga. Leo umeweka zawadi kwa anayeyakanyaga.

5. Vitufe kutojuana. Programu umeiandika ukitazama kishikio chako. Changu ni cha kiwanda kingine, na vitufe vyake vimehesabiwa kwa mpango wao wenyewe. Matokeo yake, kila nikibonyeza kitufe cha kuketi, ili nipumzike kidogo kwenye kiti cha kamba, programu inasikia "funga", na maandishi yanatokea katikati ya ukumbi: "Una hakika unataka kuondoka?" Mara ya kwanza nilipolisoma swali hilo nilivua miwani. Siku tulipoondoka kweli hakuna aliyetuuliza. Nilitaka sana kujibu Hapana. Kwenye kishikio changu, kitufe cha Hapana ni Ndiyo, na tangu hapo sithubutu kuifunga programu.

6. Waya. Ukichomoka, programu haitambui kwamba hakuna tena anayeisemesha. Inashika amri ya mwisho na kuendelea nayo. Juzi ulichomoka mtu akiwa anaelekea kushoto. Akaendelea kushoto. Mimi nikabaki na kishikio kisichounganishwa na kitu chochote duniani, nakisukuma kulia kwa nguvu zangu zote, na kumsihi kwa sauti. Nimewahi kuishi chini ya serikali za namna hii, ambamo aliyetoa amri alikwisha kuondoka zamani na amri yake bado inatembea. Nilimuwahi langoni kwa kuchomoa kompyuta nzima ukutani.

7. Mwisho wa barabara. Upande wa kushoto, ukishapita duka, hujaweka ukuta. Huko kuna nini sijui. Sijawahi kumwacha afike, na sina nia. Ila karibu na mwisho wa karatasi yako kuna mstari unaosema, kadiri nilivyouelewa, kwamba atakayepita ukingo wa kushoto aandikwe kwenye ukingo wa kulia. Hili ni kosa la wazi, nadhani la haraka. Kushoto si kulia. Nimeukata kwa wino mwekundu, na pembeni nimeandika: UKUTA. Uwe mrefu.

Ukiyaweka pamoja, Mheshimiwa, utaona yanakoelekea. Kijiti hakiaminiki. Vitufe haviaminiki. Waya hauaminiki. Mkono wangu, nikisema ukweli, ni ndugu yao. Programu inayosikiliza mashahidi kama hawa na kumtii kila mmoja haiwezi kumweka mtu nyumbani hata ukiipa kozi ya mwaka mzima. Kurekebisha moja moja ni kuziba tundu la chujio.

Kwa hiyo naomba rasmi, tena kwa heshima, kwamba programu yako isisome kishikio kabisa. Kijiti kikisema kushoto, isisikie. Kitufe kikisema ndiyo, isisikie. Waya uwepo au usiwepo, iwe sawa. Mtu umketishe kwenye kiti cha kamba, uso wake uelekee jikoni, na asinyanyuke tena. Kishikio nitaendelea kukishika mkononi kwa heshima ya kaka yako. Najua utasema, "Mjomba, hiyo sasa si programu, hiyo ni picha." Naam. Picha ndiyo ambayo hatukupata kuondoka nayo.

Nitashukuru kazi hii ikikamilika kabla ya Jumamosi. Mama yako ana miaka yake, na mimi nina yangu. Sidhani kama atakubali kuketishwa mbele ya nyumba ile mara ya pili, ikiwa mara ya kwanza ataniona nikitoka.

Nisalimie mumeo. Nisalimie mama mkwe wako, umwambie kwamba sijawa mcheza gemu uzeeni. Ninafuatilia suala la makazi. Kaka yako mwambie kishikio chake kipo, kinapanguswa kila asubuhi. Wasalimie na wenzako wa ofisini wote, pamoja na yule paka wenu anayelala juu ya kompyuta, ambaye nashuku mistari fulani ni kazi yake.

Wako katika kusubiri marekebisho,

Mjomba

Nyongeza. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa mama yako alipogonga mlango. Hakungoja Jumamosi, anasema Jumamosi mabasi yanajaa watu wasiojua kukaa. Nikaenda kumfungulia, nikambebea begi, nikampa kiti, nikaingia jikoni kuchemsha maji ya chai, na katika furaha ile nikasahau kwamba nyumba ilikuwa wazi kwenye skrini na kishikio kimelala mezani juu ya barua hii.

Niliporudi na vikombe, mama yako alikuwa ameivuta karibu ile skrini, mkoba bado mapajani. Mtu alikuwa ameshapita lango. Nilisimama pale na sinia kama mhudumu aliyekosea meza. Alilipita duka. Akafika ukingo wa skrini, bega likapotea, kisha mguu, kisha shati lote, na barabara ikabaki tupu. Mama yako hakuzima. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili, na mimi nikaanza kufikiria basi la kurudia linaondoka saa ngapi.

Halafu upande wa kulia kabisa, kwenye mlango wa jikoni usiofunga sawasawa, akaingia mtu mwenye shati jeupe.

Dada yangu alimtazama mpaka akafika usawa wa jiko. "Konokono!" akasema, na hakuwa akiniambia mimi niliyesimama na chai, alikuwa akimwambia yule. "Saa hizi? Unapita huko nyuma unadhani sikuoni? Na kiberiti kiko wapi?" Kisha akacheka, mwanangu, ule mcheko wa nyumba ile, ambao sikuwa nimekueleza kwa sababu sikujua ungeuchoraje.

Kwa hiyo yote yaliyotangulia naomba uyahesabu kuwa hayakuandikwa. Kijiti kisitibiwe. Ukuta usijengwe. Kiti cha kamba kibaki kitupu. Ule mstari nilioukata nimeuwekea vinukta chini yake, alama ambayo kwetu wasahihishaji ina maana moja tu: ubaki kama ulivyo. Ningekueleza zaidi, lakini kishikio hakipatikani, anacho yeye. Amemgeuza mtu kwa kidole gumba na anamsukuma kuelekea langoni: "Rudi dukani. Na leo usikawie."

Tafadhali weka kiberiti pale dukani, tena haraka. Ameshavuka lango.