Umepokea Elfu Kumi

Jumatatu, 6 Oktoba

Kisanduku kimefika! Chekundu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Mteja anaskani karatasi ya QR niliyobandika mlangoni, pesa inaingia kwenye simu yangu, na kisanduku kinatangaza kwa sauti ya mwanamke mtulivu kuwa nimepokea kiasi fulani, asante. Mtaa mzima unasikia. Hapo ndipo penye utamu.

Maana mtaa mzima ni pamoja na saluni ya shemeji, ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu. Na ndani ya saluni hiyo, tangu mwezi wa saba, yumo mke wangu. Anasuka watu nywele. Analala kwa dada yake, huyo huyo shemeji. Aliondoka nyumbani kwa sababu ya mradi wa miavuli. Niliuza friji nikanunua miavuli, katoni kwa katoni, mvua ikagoma. Hakupiga kelele hata kidogo. Alisema amechoka kuishi na mtu wa mipango. Akafunga begi lake la safari kwa kamba, kwa kuwa zipu ilikuwa imekufa, akavuka barabara.

Mimi ni fundi wa mabegi na zipu. Sitaki kuliongelea hilo.

Mpango wenyewe: asikie pesa zinavyoingia. Asikie tu. Atarudi mwenyewe kwa miguu yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Kisanduku kimya kutwa nzima. Wateja wamekuja, wote na noti mkononi. Mmoja nimemsihi alipe kwa simu, akasema simu imezima. Nikamchajia. Akakaa kwenye stuli yangu mpaka ikajaa, akapiga simu mbili ndefu, akanilipa noti, akanishukuru kwa ukarimu.

Kinyozi wa jirani naye anacho kisanduku. Chake hakinyamazi. Umepokea, umepokea, umepokea! Mtu mwenyewe ananyoa hovyo, kila kichwa kinatoka na ngazi, lakini foleni haiishi. Jioni akachungulia kibandani kwangu, akaniuliza kwa huruma kama changu kina betri. Nikacheka sana. Ndani naungua.

Mke wangu alitoka kumwaga maji, kitambaa cha buluu kichwani. Akatazama upande huu. Huenda alikuwa anatazama paka. Nimemkumbuka mpaka sindano ikanichoma kidole.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata akili!

Nina binamu ambaye kazi yake ni kukosa kazi. Nimemtumia picha ya QR yangu, kisha nikamtumia elfu kumi. Naye, huko huko kitandani kwake, akaskani ile picha, akanilipa elfu kumi ile ile. Kisanduku kikapaza sauti: "Umepokea elfu kumi. Asante." Mwili wote ukanisisimka. Nikamrudishia binamu. Akanilipa tena. Nikamrudishia. Hivyo hivyo mpaka jioni. Pesa moja, wateja lukuki!

Kinyozi alishindwa kuvumilia. Akaja kuniuliza nimepata tenda wapi. Nikamwambia mabegi ya wanafunzi, shule nzima. Akarudi kwake amenuna. Ng'ambo, pazia la saluni lilitikisika, likatulia, likatikisika tena. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii tangu mwezi wa saba. Nimekula chakula kikaisha sahanini.

Kuna kajambo kadogo tu. Kampuni inakata makato kila pesa inapopita, kwa hiyo elfu kumi yetu imeanza kukonda. Ikawa elfu tisa mia nane. Ikawa elfu tisa mia sita. Si kitu. Nani anasikiliza hizo mia mia?

Alhamisi, 9 Oktoba

Kinyozi ameniletea habari, tena kwa furaha isiyofichika. Shemeji anafungua saluni nyingine katika mji mwingine. Msimamizi atakuwa mke wangu. Anaondoka Jumapili asubuhi.

Nilimwambia kinyozi kwamba najua, tumeshazungumza. Kisha nikaingia ndani, nikashona mfuko wa begi la mtu ukafungika kabisa. Ikabidi nifumue.

Mji mwingine! Hapa angalau namsikia akicheka. Kicheko chake kinaanza chini chini, halafu kinamponyoka. Nyumbani nilikuwa nakisikia nikiwa chumba cha pili na sikuwa nauliza kilichomchekesha. Sasa kinavuka barabara, nabaki nimeshika mkasi, najiuliza ni nini.

Hakuna muda wa kulala. Nimepandisha sauti ya kisanduku hadi mwisho. Nimemwamuru binamu aongeze kasi. Binamu anadai posho, anasema kidole gumba kinamuuma. Nimempa. Pesa ya mzunguko sasa imebaki elfu sita na ushee, lakini mlio ni wa tajiri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amekuja! Mke wangu! Kibandani kwangu!

Alikuwa amebeba begi, lile lile, na kamba yake. Akanisalimia vizuri. Akauliza kama zipu inaweza kuwa tayari kesho, fundi. Fundi! Miaka tisa ya ndoa, naitwa fundi. Nikasema inawezekana. Nikajifanya naikagua. Begi lina harufu ya mafuta yake ya nywele. Nikalikagua kwa muda mrefu.

Nilisahau kumwambia binamu apumzike. Tukiwa wawili tu, hakuna mteja wala kivuli cha mteja, kisanduku kikanguruma: "Umepokea elfu nne mia mbili. Asante."

Akaniuliza nani amelipa. Nikasema ni mteja wa mbali. Akatikisa kichwa. Kisha, taratibu, bila kunicheka, akaanza kunitajia: elfu kumi, elfu tisa mia nane, elfu tisa mia sita, akishuka nazo moja baada ya nyingine mpaka hii ya leo. Akasema saluni nzima wanajua. Wanawake waliokaa chini ya mashine za kukausha nywele wanawekeana dau kuhusu kiasi kitakachotangazwa baadaye. Shemeji ameshinda mara mbili.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Halafu akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani tangu hapo. Kwamba kiti chake cha kusukia amekiweka dirishani toka siku ya kwanza, makusudi, ili akiniona navuka aniwahi mlangoni kabla dada yake hajanitukana. "Barabara yenyewe magari mawili hayapishani," akasema. "Ungevuka tu, ukasema rudi. Mimi ningebeba vitu vyangu hapo hapo."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Yangu pia, naandika kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Zamu yangu kusema. Nikamwambia kwamba kuna kampuni nyingine ambayo makato yake ni nafuu.

Akaniachia begi. Akaniaga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wazo la asubuhi: nimwambie kishikizo cha zipu cha saizi hiyo kimeadimika, kitafika wiki ijayo. Bila begi hakuna safari. Safi kabisa!

Tatizo ni mikono yangu. Nilianza kwa kufumua zipu ya zamani ili begi lionekane linashughulikiwa. Nikaona kitambaa kimechanika, nikakiziba. Nikachukua zipu ya chuma, meno makubwa, niliyokuwa nimeitunza kwa mteja wa heshima. Nikaishona mishono miwili. Nikaipaka nta. Nilipozinduka ilikuwa imekwisha, inateleza yenyewe, na mwenye begi amesimama mlangoni.

Aliifungua, akaifunga. Akaifungua tena. Akasema ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikasema ni bure. Akakataa. Akatoa simu, akaskani karatasi yangu ya QR. Kisanduku: "Umepokea elfu tatu. Asante." Pesa ya kweli pekee iliyotangazwa humu wiki nzima, na imetoka kwake.

Akabaki amesimama. Hakuwa na haraka. Ng'ambo, mashine za saluni zilikuwa zimezimwa na vichwa vimejaa dirishani. Kinyozi naye wembe hewani. Neno nililijua. Alinifundisha mwenyewe jana. Lilikuwa limefika mdomoni, nalisikia linagusa meno.

Nikafungua mdomo, nikasema: "Karibu tena."

Akatabasamu kidogo. Akavuka barabara na begi lake.

Jumapili, 12 Oktoba

Ameondoka. Teksi ilikuja mapema. Nilijificha nyuma ya mabegi yaliyoning'inia, nikaona dereva akililazimisha begi lake kwenye buti, akalikandamiza kwa goti. Zipu haikutetereka. Laiti ningetumia ile ya plastiki!

Kabla ya kuingia garini aligeuka upande wa kibanda. Leo paka hakuwepo.

Kisanduku nimekizima. Kinyozi ameniletea chai, jambo lililoniumiza kuliko kejeli zake. Pazia la saluni limetulia. Nimekaa nalitazama tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimejifunza! Kosa nimeliona. Nilikuwa namzungushia pesa binamu badala ya kumtumia mhusika.

Mpango mpya ni mwepesi mno. Namtumia mke wangu elfu moja kwa makosa. Mtu muungwana akipokea pesa isiyo yake hupiga simu kuuliza. Atapiga. Nitashtuka, nitaomba radhi, nitamuuliza hali, mazungumzo yatajiendesha. Nimetuma mara tu baada ya kufungua kibanda. Nikaweka simu magotini.

Hakupiga. Pesa imerudi, na ameongezea ya makato. Lakini pale kwenye nafasi ndogo ya maelezo, ambapo watu huandika kodi au ada, ameandika neno moja: "Nipigie."

Nimelisoma mpaka kioo cha simu kikapata jasho. Nipigie! Nikasimama, nikakaa. Namba yake hii hapa. Ni kubonyeza tu. Nikipiga, atapokea, namjua. Na akipokea, itabidi niseme.

Nimefikiri sana. Elfu moja ilikuwa ndogo, mtu anairudisha bila kusumbuka. Sasa nimemtumia elfu mbili, kwa makosa tena. Hii lazima apige.