Shokapu za Gari la Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Gari limeingia uani! Lile jekundu la mbio la marehemu baba mkwe: viti viwili, boneti ndefu kuliko sebule yetu. Limeingia, ila bado si letu. Mama mkwe ametoa sharti. Jumapili nimpeleke kwa dada yake, ng'ambo ya mji. Akishuka bila kushika kiuno, gari ni letu, mimi na mke wangu. Akishika kiuno, linakwenda kwa shemeji, kaka yake mke wangu.

Tatizo: shokapu, zile za kumeza mishtuko ya barabara, zimekufa. Zote! Nimezunguka mtaa mara moja tu na meno bado yanagongana. Shemeji alikuwa amesimama getini, akanipungia mkono kwa upole. Upole ule sikuupenda.

Gari hili nimelitamani tangu siku za uchumba. Nalisema wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilimpenda mke wangu kwanza. Gari likafuata kwa karibu sana.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi gereji. Fundi anaitwa Radi kwa sababu ya sauti yake. Akaliegemea gari kwenye kona kwa mikono miwili, akalibonyeza, akaliachia. Likapanda, likashuka, likapanda tena. Tukasalimiana na watu wawili watatu, bado linacheza. Akanguruma kwamba shokapu nzima ikibonyezwa inapanda mara moja, inatulia. Akasema nitafute laini, za mafuta, maana mama mkwe wangu ana kiuno kibovu.

Mchana duka la spea. Muuzaji, mtaani wanamwita Profesa, akasema laini ni upuuzi mtupu. Gari la mbio linataka ngumu, za gesi. Ukiliwekea laini, kila kona litalala upande kama mlevi. Nikamuuliza, na kiuno je? Akasema kiuno ni suala la kiti.

Akaongeza kuwa shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Sikuambulia kitu.

Wote wawili wana uhakika. Wote wawili wana grisi mikononi. Nimwamini nani?

Jumatano, 5 Machi

Nimebonyeza kila kitu. Gari lenyewe. Gari la jirani, likapiga king'ora, nikala kona. Kochi la sebuleni. Mke wangu akauliza natafuta nini kwenye kochi. Nikasema utulivu. Akasema hata yeye anautafuta, tangu siku alipoolewa.

Jioni shemeji akapita. Akaninong'oneza, eti kindugu, nichukue ngumu. Aha! Basi nichukue laini. Halafu nikawaza: shemeji anajua simwamini, kwa hiyo anataka nichukue laini. Basi ngumu! Lakini je, kama anajua kwamba nimeshalifahamu hilo? Nikaenda kujilaza. Kichwa kinapiga ngoma.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu ni mwema! Profesa ameshusha boksi lenye vumbi kutoka rafu ya juu kabisa. Shokapu za kurekebisha! Juu ya kila moja kuna kidude cha kuzungusha. Huku laini, huku ngumu, katikati wastani. Nimezinunua zote pale pale. Katika shokapu zote duniani nimechagua zile zisizomlazimisha mtu kuchagua.

Ijumaa, 7 Machi

Radi amezifunga. Vidude vyote kavitega katikati, akanionya nisiviguse. Kushoto na kulia lazima zilingane, alipaza sauti, hadi jirani akafungua dirisha. Nikasema sawa, fundi.

Alipoondoka nikakaa juu ya tairi bovu, nikafikiri. Kwa nini pande zilingane ilhali abiria hatulingani? Upande wa mama mkwe nikazungusha hadi laini ya mwisho. Upande wangu hadi ngumu ya mwisho. Yeye apate starehe, mimi nipate mbio. Radi kapata laini yake, Profesa kapata ngumu yake. Nashangaa hakuna mtengeneza magari aliyewahi kuliwaza jambo jepesi namna hii!

Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe.

Mama mkwe kaketi, kajifunga mkanda, mkoba mapajani. Mke wangu na shemeji wakafuata nyuma na gari la shemeji. Tuta la kwanza. Upande wake ukazama polepole, ukainuka polepole, ukaendelea kubembea mpaka taa za barabarani. Upande wangu ukapiga kama nyundo. Kuanzia hapo kila shimo ni langu. Mama mkwe anasifia. Anasema marehemu hakuwahi kumwendesha hivi. Mimi siwezi kujibu, nimeuma ulimi.

Kwenye kila kona gari lilitaka kulalia upande wake. Nikalibishia kwa mikono yote miwili. Mama mkwe akasinzia!

Tukafika. Akashuka mwenyewe, mwepesi kama binti, mikono yake kwenye mkoba. Hakugusa kiuno! Nimeshinda! Nikafungua mlango nishuke nishangilie.

Sikushuka. Kiuno kiligoma. Shemeji akanivuta kwapani mpaka nikatoka, nimejikunja, mikono yote miwili kiunoni. Dada yake mama mkwe akauliza kama huyu ndiye mgonjwa aliyeletwa.

Nikamkumbusha mama mkwe sharti, nikiwa nimeinama. Sharti lilitaja kiuno chake tu. Akakubali. Akasema gari halina kasoro hata moja, mwenye kasoro ni dereva, basi abadilishwe. Funguo akampa shemeji. Nililia kidogo. Mke wangu alidhani ni maumivu, nikamwacha adhani hivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Uani ni peupe. Nimetazama pale lilipokuwa, nikaomba pazia lifungwe.

Daktari ameagiza nilalie kitu kigumu. Mke wangu hawezi kulalia kitu kigumu, akilalia anaamka na hasira. Na akijigeuza upande wake, kitanda kinatikisika chote, napiga yowe. Amehamia kwenye kochi. Nyumba imepooza.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji ameleta gunia. Ameweka shokapu nyingine kwenye gari, hizi zangu hazitaki, Radi alipoona nilivyovitega vidude alicheka mpaka akakaa chini. Acha acheke.

Nimelitazama gunia asubuhi nzima. Shokapu nne. Kitanda chetu kina miguu mingapi? Minne! Mke wangu anataka laini, mimi naambiwa ngumu, na kitanda ni kimoja. Imekuwaje sikuliona hili mapema?

Nimempigia Radi aje na spana na msumeno. Vidude asiviguse. Hivyo nitavizungusha mwenyewe.