Neti za Msambweni Zimewasili

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima uliyepata udhuru, waheshimiwa machifu, manaibu wa machifu, wasaidizi wa manaibu, maimamu, wachungaji, mameneja wa hoteli za Diani mlioalikwa na hamkuja, mabibi na mabwana, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wazee wangu shikamooni! (Makofi.) Mimi Abdurahman Mwero, Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Kumwondoa Mbu, nasimama hapa nikiwa mnyenyekevu kuliko wenyeviti wote mliowahi kuwa nao. (Mzee mmoja: "Kweli, maana hatujapata mwingine!" Kicheko.)

Tangu mvua ya El Nino itujazie madimbwi kutoka hapa mpaka Ramisi, kamati yangu haikulala. Au tuseme ililala, lakini kwa utafiti, maana tulifanya wakshopu wiki nzima kwenye hoteli moja pale Diani, na mimi mwenyewe nikajitolea kulala ndani ya neti, feni inazunguka, nikaamka sijaumwa hata pua. Kutokana na stratejia hiyo, asilimia tisini na nane nukta nne ya mbu wameonyesha nia ya kuhama. (Sauti kutoka nyuma: "Wamehamia kwangu!")

Ripoti yetu yasema hivi: neti iliyochovywa dawa, ikachomekwa chini ya godoro pande zote, hiyo ndiyo kinga. Dawa ya mbu ya mzunguko, ile ya kuchoma, usiiwashe chumba kimefungwa, moshi wake utauvuta wewe. Makumbi ya nazi ukiyafukiza, mtoto atakohoa kabla mbu hajakereka. Na wewe Mramba, dawa ya mikorosho ni ya mikorosho, si ya chumbani! (Mramba: "Lakini mbu walikufa!") Na kuku wako je, bwana? Ungefuata wewe. (Kicheko kirefu.)

Sasa, makasha haya mezani ni neti za kila nyumba. La kwanza namkabidhi Bi Kadzo kwa ajili ya mkaza mwanawe, Hafsa, yule aliyeketi pale mbele, mwenye mimba ya miezi minane, ambaye homa imeshamlaza mara mbili. (Vigelegele.) Lipeleke nyumbani polepole, Bi Kadzo, usilifungue hapa... Jamani, ngoma ya nini? (Wanawake wanaanza kucheza ngoma ya sengenya. Zawadi huku haibebwi kwapani, hutwikwa kichwani ikachezewa ngoma. Bi Kadzo anajitwika kasha, upepo unalipeperusha.)

("Mwenyekiti, mbona jepesi? Nimebeba neti ama nimebeba hotuba yako?")

Ni neti za kisasa, Bi Kadzo, nyuzi zake...

("Abdurahman, usinichezee. Yule akipata homa ya tatu, nitazika mmoja ama wawili?")

Basi. Nisameheni. Makasha ni matupu. Fungu la pesa za neti tulilimaliza hotelini, tukila na kunywa. Shughuli hii niliipanga nipigwe picha, niombe fungu jingine, na nikajidanganya kwamba hilo likija nitanunua kweli. Hafsa, binti yangu, usiiname; aibu ni yangu.

Neti iliyopo ni moja, ya sampuli, imetundikwa juu ya kitanda changu. Mke wangu, nenda kaitungue, uifunge kwa Hafsa kabla ya magharibi. (Mkewe: "Na sisi je?") Sisi tutaumwa, mama.

Semeni nami: Mbu nje! Neti ndani! (Bi Kadzo peke yake: "Ndani kwa Hafsa!")

Ahsanteni kwa kuhudhuria uzinduzi wa mradi ambao haujapata kuwapo. Mnaotaka kunipiga, tafadhalini pangeni foleni, wazee kwanza.