Sharti la Ndevu

Jumatatu, 3 Machi
Kiwandani wametangaza nafasi: dereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia magodoro ghalani. Mimi, msimamizi wa ghala, nimo kwenye kamati ya usaili. Mungu si Athumani! Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, analala kwenye kochi langu tangu mwaka jana. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe atalifanya mto. Mke wangu ameapa kwamba siku atakayopata kazi ndiyo siku atakayohama. Waombaji ni wawili tu: shemeji, na mama mmoja aliyeendesha foklifti miaka mingi. Nitamuuliza mambo ya nyumbani kwake, atababaika. Kazi kwisha!

Jumanne, 4 Machi
Kwenye usaili nilimuuliza yule mama: ameolewa? Atazaa lini? Nani atampikia mumewe? Akatabasamu, akataka kujua kama yule kijana aliyetangulia naye ameulizwa nani atampikia mkewe. Meneja akakohoa. Afisa utumishi akanieleza, mbele ya watu, kwamba sheria inakataza kumnyima mtu kazi kwa jinsia yake, ndoa yake au mimba yake. Hata kumuuliza tu? Hata kumuuliza! Nimepigwa na butwaa. Miaka yote hii nauliza!

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka na akili mpya. Sikutaja mwanamke popote. Nilibandika tu kwenye ubao wa matangazo: "Dereva awe na ndevu, kwa usalama." Safi! Chai haijapoa, afisa utumishi huyo, tangazo mkononi. Akasema sharti lisilohusu kazi, linalowafungia wanawake nje, ni ubaguzi uleule uliovaa koti. Kumbe sheria inaona hata ndani ya koti! Halafu akaniuliza kwa upole kama nimewahi kumtazama shemeji yangu kidevuni. Undugu wetu kaujuaje? Shemeji mwenyewe kawatangazia wote mapokezi! Nimerudi nyumbani, nikamtazama. Kidevu laini kama sahani. Mtu mzima! Nimeshtuka kuliko jana.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la kuendesha. Yule mama alipita katikati ya magodoro bila kugusa hata moja. Meneja akapiga makofi. Meneja, asiyecheka hata siku ya mshahara! Zamu ya shemeji. Alikuwa ameniapia kwamba anajua. Akaambiwa mbele, akaenda nyuma, akaangusha magodoro ya ukuta mzima, akaruka kwa hofu. Magodoro kila mahali, yeye akatua kwenye saruji! Nikiwa nimefukiwa chini ya magodoro, nilimsikia akimlilia dada yake. Mguu wake umevunjika.

Ijumaa, 7 Machi
Mama wa watu kapata kazi. Mimi nimepata onyo kali na kufukuzwa kwenye kamati. Yule mama alinipa pole ya shemeji, tena kwa moyo mweupe. Niliona haya. Yakapita. Nyumbani, mke wangu kasema mgonjwa hahamishwi. Kochi ni la mdogo wake mpaka atembee, na uji nimpelekee mimi. Mimi!

Jumamosi, 8 Machi
Nimesikia wanatafuta mlinzi wa getini. Kazi ya kukaa! Jumatatu nitawahi ubaoni kabla afisa utumishi hajafika: "Mlinzi awe na bandeji ngumu mguuni, kuanzia kidoleni hadi gotini." Wanawake wenye bandeji pia ruksa. Sasa ubaguzi uko wapi hapo?