Taa ya Fundi Pumzi

Fundi Pumzi alilipenda gari la Mama Viti kabla hata halijasimama vizuri mbele ya gereji yake. Lilikuwa steshen wagoni jeupe, la umri wa kutosha kuoa, lakini milango yake haikuwa na mkwaruzo na viti bado vilikuwa vimevaa nailoni ya kiwandani. Mtu aliyekuwa akiliendesha alikuwa ameliheshimu. Fundi Pumzi alikuwa hodari wa kuwatambua watu wanaoheshimu vitu vyao, kwa sababu hao ndio waliomlisha.

Jina lake alilipata kwa ugonjwa mmoja tu, wa magari kukosa pumzi. Kuna taa ya rangi ya chungwa ambayo huwaka kwenye dashibodi pamoja na maandishi yanayosema kwamba nguvu ya injini imepungua. Ikishawaka, kanyaga mafuta mpaka unyayo ufe ganzi. Gari litakwenda kama linasindikiza jeneza. Sababu zake ni nyingi, na fundi mwaminifu huzitafuta moja baada ya nyingine kwa mashine ya kupimia. Fundi Pumzi naye alikuwa na mashine. Alijua kubonyeza kitufe kimoja, kile cha kuzima taa. Vingine aliviona ni mapambo.

Taa ikizimika, alisafisha koo la injini, pale hewa inapoingilia, mpaka likang'aa, mteja akashangilia. Kisha mteja akigeuka kidogo, Fundi Pumzi alikivuta kichwa cha waya mmoja pale kwenye soketi. Hakukitoa. Alikiacha kimeegama tu, kama mgeni aliyeaga lakini bado amesimama mlangoni. Mashimo machache ya barabarani yalitosha kukiachanisha, taa ikawaka, mteja akarudi. Wengine hufuga kuku. Yeye alifuga taa.

"Inawaka nikianza kupanda mlima," Mama Viti alimweleza. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kukodisha viti vya plastiki kwa sherehe na misiba. "Ukumbi uko juu kule. Juzi bibi harusi amefika, wageni wamefika, viti vyangu viko katikati ya mlima. Watu wamekula keki wamesimama. Msimamizi ameniambia nikichelewa tena atamwita mwenye viti mwingine. Na bila ukumbi ule, fundi, mimi sina kazi. Nina plastiki."

"Pole, mama. Marehemu mzee alikuwa analitengeneza wapi?"

"Alikuwa analisemesha."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Analisemesha. Linasikia, linapanda. Mimi halinisikii."

Fundi Pumzi alitikisa kichwa kwa heshima zote, akafungua boneti, akatangaza kwamba ni kohozi tu. Alizima, akasafisha, akaegamisha. Mama Viti akaondoka akimshukuru.

Alirudi mapema kuliko hata ilivyotarajiwa. Fundi Pumzi hakushangaa. Alijisifu tu kimoyomoyo kwa wepesi wa kidole chake. Tena kurudi huko kulikuja wakati mzuri. Kuna bwana mmoja wa ofisini, aliyeitwa Bwana Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai, alikuwa amemtuma amtafutie gari safi la mjane. Alisisitiza liwe la mjane. Alisikia kwamba wajane hawajui bei.

"Mama, leo nitakwambia ukweli hata kama unauma," Fundi Pumzi alisema, akavua kofia kama mtu aliyetoka chumba cha wagonjwa. "Ni maji. Maji yameingia kwenye nyaya."

Aliyachagua maji kwa utaalamu. Mtu huyaogopa, na hawezi kuomba aonyeshwe.

Mama Viti aligeuka kulitazama gari lake. "Maji," alisema. "Umeyajuaje?"

"Fundi hayaoni kwa macho, mama. Anayasikia."

"Na dawa yake?"

"Dawa yake ni kuachana nalo. Lakini mimi nina roho mbaya ya huruma. Ile pikapu yangu pale unaiona? Kutu ni ya ngozi tu, injini ni simba. Nipe hili, chukua ile. Nitalikata vipuri, nipate cha kunywea chai. Kafikirie."

Mama Viti alikwenda kufikiri. Alifikiri uani kwake, boneti ikiwa wazi na shemeji yake, mdogo wa marehemu, akiwa amesimama pembeni.

Marehemu mumewe alikuwa na tabia yake. Kila kichwa cha waya alichowahi kukigusa alikipiga mstari mwekundu wa rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa, nusu kwenye soketi. Mistari ikikutana, kichwa kimeingia sawasawa. Chupa ilikuwa ya mkewe, na aliimaliza bila kuiomba.

Pale kwenye koo la injini, mistari haikukutana.

"Shemeji, njoo uone. Huyu mtu ametulegezea."

Mama Viti alikisukuma kile kichwa mpaka kikalia, nyekundu ikashika nyekundu. Kidole chake kilibaki pale muda zaidi kuliko kazi ilivyotaka.

"Kwa hiyo gari limepona?" shemeji aliuliza.

"Limepona ugonjwa wa fundi. Limebaki na wake lenyewe. Si unajua kaka yako aliuziwa likiwa limetoka kwenye mafuriko? Nyaya zinaoza kwa ndani. Kila fundi aliyelipima alisema zibadilishwe zote, nazo ni ghali kuliko gari."

"Sasa huyu Pumzi habari za maji amezipata wapi?"

"Hajazipata. Amedanganya, akapatia."

Shemeji alicheka mpaka akashika bampa.

"Usicheke, kanawe," Mama Viti alisema. "Tunakwenda kumwambia ukweli wote."

"Si atakataa kubadilishana?"

"Yule? Tangu lini anasikiliza?"

Na hivyo ikawa kwamba siku hiyo, katika gereji ambayo ukweli ulikuwa haujawahi kukanyaga hata kwa bahati mbaya, ukweli uliingia na kukaa kwenye tairi kuukuu.

"Fundi, sitaki kukuficha kitu," Mama Viti alianza. "Gari hili liliogelea. Maji yalifika mpaka kwenye viti. Hiyo nailoni unayoipenda ndiyo iliyoviokoa."

Fundi Pumzi alitaka kulia kwa fahari. Alikuwa amepanda kauongo kadogo, na sasa kalikuwa kamemea, kana matawi, kana ndege. "Hivyohivyo, mama," alisema.

"Nyaya zake zinaoza kwa ndani."

"Zinaoza."

"Hata ubane kila kitu, taa itawaka tu likipanda mlima."

"Itawaka, mama. Wewe umeelewa kuliko watu wengi."

Shemeji alipatwa na kikohozi, akatoka nje kutazama pikapu. Aliitazama vizuri. Aliizungusha mtaa mzima, akaipandisha mlimani na kuishusha, akarudi akitikisa kichwa kwa kukubali. Lilikuwa gari pekee mjini ambalo Fundi Pumzi hakuwahi kulilegeza kitu, kwa sababu lilikuwa lake.

"Na bado unalitaka langu?" Mama Viti aliuliza.

"Nalichukua kwa huruma."

"Huruma yako ina turubai? Mvua ikinyesha viti vitalowa."

"Turubai lipo."

"Na kamba. Na tairi la akiba, si lile lenye upara."

Fundi Pumzi alitoa turubai, kamba na tairi, huku akifikiri jinsi wajane wanavyofurahishwa na vitu vidogo. Walimwita mchomeleaji wa jirani awe shahidi pamoja na shemeji. Mbele yao Fundi Pumzi alitamka kiapo chake cha biashara, ambacho kilikuwa kimewafunga midomo wateja wengi. "Macho yameona, mkono umechukua, hakuna kurudishiana."

"Hakuna kurudishiana," Mama Viti aliitikia, kama aitikiaye dua. Wakapeana kadi za magari.

Alipobaki peke yake, Fundi Pumzi alifungua boneti, akakisukuma kile kichwa cha waya bila hata kukitazama. Kilikuwa kimekwishaingia. Akadhani kidole chake ndicho kilichokiingiza sasa hivi. Mashine ya kupimia ilikuwa kwenye meza, hatua chache tu kutoka pale, lakini daktari gani hupima ugonjwa aliomwambukiza mgonjwa mwenyewe? Wahenga waliposema akili nyingi huondoa maarifa, walikuwa wanamsubiri yeye.

Bwana Tai alikuja kulijaribu. Alikuwa ameshatoa kishika uchumba cha bei ya gari, na kishika uchumba hicho kilikuwa kimeshageuka kuwa viatu vya ncha kali vilivyokuwa miguuni mwa Fundi Pumzi. Kwenye barabara ya tambarare gari liliteleza kama siagi.

"Na mjane hakujua thamani yake?" Bwana Tai aliuliza kwa furaha.

"Masikini. Aliamini lina maji."

"Ha. Hebu tulipandishe mlima."

Walifika katikati. Taa ya chungwa ikawaka. Bwana Tai alikanyaga mafuta. Injini ikaguna, gari likapunguza mwendo, mtu mwenye kikapu kichwani akawapita, kisha likasimama kabisa.

"Fundi. Hii ni nini?"

"Ni... ni kohozi tu, bosi."

"Kohoa basi tuondoke."

Fundi Pumzi alifungua boneti. Akakibana kile kichwa. Akakibana tena. Ndipo kwa mara ya kwanza akaona mistari myekundu, imekutana na kunyooka, kila mahali. Hapakuwa na kitu kilicholegea. Alisimama pale na viatu vyake vipya, fundi mbele ya injini, akiwa hajui pa kuanzia.

Mara pikapu ikaja ikipanda mlima, imejaa viti, turubai limefungwa vizuri. Ikasimama kando yao bila kurudi nyuma hata kidogo.

"Pole, fundi," Mama Viti alisema dirishani. "Ni maji?"

"Mama, umenipa gari bovu."

"Nilikwambia nini juu yake?"

Fundi Pumzi alikumbuka kila neno, na jinsi alivyokuwa akiitikia. "Nilidhani..." alisema. "Nilidhani unarudia maneno yangu."

"Nilijua ulidhani."

"Na hii rangi nyekundu?"

"Ya kucha. Mume wangu aliipaka, ajue kilichoguswa."

Bwana Tai alikuwa ameshuka. "Fundi, nirudishie pesa yangu."

Fundi Pumzi alitazama viatu vyake.

"Mwambie kile kiapo chako," Mama Viti alimshauri. Kisha akamgeukia shemeji. "Washushie viti viwili. Mlima huu una jua. Bure kwa leo, ila nirudishiwe jioni. Huwa vinakwenda kwenye furaha au kwenye msiba, na hapa sijui niseme ni wapi."

Viti vikashushwa. Mama Viti akaingiza gia, halafu akasita.

"Fundi, lizime kwanza. Lipe muda. Kisha lisemeshe kwa upole, ndipo uwashe. Marehemu alikuwa akifika juu hivyohivyo, hata kama alichelewa."

"Nilisemeshe nini?"

Mama Viti aliitazama ile boneti nyeupe. "Hilo hakuwahi kuniambia," alisema.

Pikapu ikaondoka, ikapanda, ikafika ukumbini kabla ya mgeni wa kwanza. Nyuma yake Bwana Tai aliketi, akalegeza tai yake kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akasubiri. Na Fundi Pumzi, ambaye maisha yake yote alikuwa amewasemesha wanadamu wakasikia, aliinama kwenye dirisha la gari, akasafisha koo, akaanza kubembeleza.