Mwendo Unaostahili Biro Yetu

Kwa heshima kubwa, biro yetu, ofisi ya vibali vya safari za ziwani, hapa bandarini Kalemie, inawatangazia raia kwamba kompyuta yetu ilirekebishwa, na kwamba kosa hilo halitarudiwa.

Mimi, Télesphore, naibu wa mkurugenzi, niliyaona yote. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ilikuwa inaamka, lakini ubongo wake ulibaki kwenye mwendo wa chini kabisa. Kibali kimoja, asubuhi nzima. Raia walijaa kwenye korido, wakitusalimia kila tukipita. Utaratibu safi kabisa.

Kisha akaja Evodie, fundi. Akafungua programu inayoongoza mwendo wa mashine, akacheka.

«Papa, ni mustari mumoja tu. Mashine ikiamka, hakuna anayeiambia ipandishe mwendo.»

Akauandika kabla chai yangu haijapoa. Balaa! Mama Julienne, ambaye meli ya Kigoma ilikuwa imemwacha mara nyingi, yeye na mama yake anayekwenda kupasuliwa macho, alipata kibali hajakaa hata chini. Wakatoka wanalia kwa furaha. Kufikia saa nne korido ilikuwa tupu. Mkurugenzi, Papa Urbain, alipita pale, akarudi, hakuna wa kumsalimia. Niliumia sana.

Tume ikaketi palepale, yeye mwenyekiti. «Haraka haraka haina baraka,» akasema. Ikaamuliwa: mustari ufutwe, na mwendo usibadilishwe tena bila saini ya mwenyekiti akiwa kazini. Evodie akaufuta. Umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikatulia kwenye mwendo wake wa chini.

Mchana Papa Urbain, likizo yake imeshaanza, akaingia na koti jipya. Binti yake anaolewa Kigoma kesho.

«Evodie, kibali changu. Upesi!»

«Njo kinakuja, Papa.»

Kweli, kwenye skrini jina lake lilikuwa limefika URB.

«Ala! Rudisha ule mustari!»

«Saini ya mwenyekiti iko wapi?»

«Mwenyekiti njo mimi!»

«Weye uko konje, uko likizoni, tangu saa sita, Papa. Anayekushikia kiti ni Papa Télesphore.»

Akanigeukia, jasho linamtoka. Nikasimama kwa adabu.

«Mukubwa,» nikasema, «mimi ni nani hata nimuharakishe mkurugenzi wangu?»

Honi ya meli ikalia. Dirishani tulimwona Mama Julienne juu ya meli, amemshika mama yake mkono, anatupungia. Papa Urbain akaenda kukaa kwenye benchi ya korido, peke yake.

Nikapita mbele yake. Akanisalimia.